Amina Iliyoandikwa

Fungua video yoyote ya kwaya kwenye YouTube, kisha shuka chini ya picha. Utakuta kusanyiko la pili. Wapo wanaoandika Amina tupu. Wapo wanaotaja walipo: Muscat, Nairobi, Mbagala. Wapo wanaouliza ni nani mwingine anayesikiliza mwaka huu. Na katikati yao, kama mtu aliyeketi benchi la nyuma kabisa, yupo aliyeandika kwamba mwanawe amelazwa tangu Jumatatu na anaomba aombewe. Je, maneno haya yana maana, au ni kelele za sokoni?

Wengi wetu katika huduma hujibu upesi kwamba ni kelele, na hoja zao si dhaifu. Tangu Novemba 2021 YouTube imeficha idadi ya watu wasioipenda video, kwa hiyo hesabu inayoonekana ni ya wanaosifu peke yao. Mwenye video anaweza kufuta neno linalomchoma na kulipandisha juu linalompendeza. Waganga nao wamejaa humo na namba zao za simu, kila mmoja na ushuhuda wa mtu aliyerudishiwa mume. Anayepima mahubiri kwa kuhesabu Amina za mahali kama hapo atapotea. Na kwaya inayochagua wimbo ujao kwa kuangalia ni upi uliovuna komenti nyingi imekwisha kuhama madhabahuni. Hili tunalisema bila kumung'unya maneno. Video za Shule ya Jumapili zilizotambulishwa kuwa za watoto hazipokei maoni kabisa tangu Januari 2020. Watoto wanaimba vilevile.

Lakini Amina haikuanzia kwenye simu. Katika Nehemia sura ya 8 watu waliitikia wakiwa wameinua mikono. Katika Kumbukumbu la Torati 27 wanaitikia mara kumi na mbili, na kila mara wanachoitikia ni laana, jambo ambalo wapenzi wa Amina za haraka wangefaa kulisoma. Paulo anawauliza Wakorintho mtu ataitikiaje asichokielewa. Na Katekisimo Ndogo ya Luther ya 1529, tuliyoikariri wakati wa kipaimara, haimalizi Sala ya Bwana kabla ya kulieleza neno hilo. Amina ni jibu la mtu aliyesikia. Ile iliyoandikwa kabla wimbo haujafika ubeti wa pili ina mashaka, ndiyo. Ila hata kanisani tunazijua za namna hiyo, na hatujamtoa mtu nje kwa sababu yake.

Waliotutangulia walijibiwa kwa njia nyingine. Studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi ilitengeneza vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka Addis Ababa, kwenye kituo cha redio cha Walutheri kilichoanza mwaka 1963 na kutwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Msikilizaji aliyetaka kusema neno alitafuta karatasi, bahasha na stempu, akaandika anwani yake. Siku hizi tunapokea jina la bandia na picha ya ua. Hata hivyo tofauti kubwa, kwa maoni yetu, si gharama ya stempu. Barua ilimwendea mtu, naye akalazimika kuifungua.

Tazameni misiba yetu. Mazishi ya Kidia au Tsuduni sasa yanarushwa mubashara, na aliyeko Ulaya anaandika "poleni" wakati jeneza linashushwa kihambani. Wazee husema pole hiyo haikuchota maji, haikubeba mkungu wa ndizi, haikutupa udongo. Ni kweli. Lakini tumeona pia jioni ya tatu, wageni wakiwa wametawanyika, mjukuu akimsomea bibi yale majina moja moja, naye bibi akiuliza huyu ni mtoto wa nani, na yule ni wa ukoo upi. Pole zilezile zilizokuwa zikipita kama maji ya mfereji zikawa watu walioingia nyumbani. Kilichozipa uzito ni kwamba palikuwa na msomaji.

Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kuhudumu kwa miaka mingi hapa Old Moshi hadi 1938, aliwaunganisha vijana wa kipaimara na wenzao kwa mfano wa desturi ya jando, ili kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia. Yapo mengi ya kubishana naye. Hili halimo. Ukoo, ujirani na rika kwake vilikuwa njia za Mungu za kumpa kila mtu mtu wa kumwitikia.

Basi yule wa benchi la nyuma ana nani? Usharika wenye chaneli una mpiga picha, una fundi wa sauti, una anayejua idadi ya watazamaji hadi jana usiku. Msomaji hana kiti. Mzee wa kanisa mmoja angetosha, akiyapitia maoni kabla ya maombi ya katikati ya wiki, akiacha ya waganga na kuchukua ya wagonjwa. Aliyeandika kutoka wodini anaweza kutajwa katika maombi hayo hata kama jina lake ni la bandia, kisha akaandikiwa chini ya maneno yake kwamba ametajwa, na siku gani, na kwamba tungependa kujua mtoto anaendeleaje.