Kiwanda Hakilali

Seti moja ya wiski ya Brora, kiwanda kilichopo pwani ya kaskazini mwa Uskoti, ilitoka mwaka 2021 kwa bei ya pauni 30,000. Jina lake ni Triptych. Ndani ya kasha kuna chupa tatu za nusu lita: ya kwanza ilipikwa 1972, ya pili 1977, ya tatu 1982. Seti zilikuwa 300 kwa dunia nzima. Ukipiga hesabu ya kaunta, toti ya mililita 30 inakuwa pauni 600. Sijaionja, na kwa mfuko wa mwanafunzi wa umahiri hapa Mbeya sitaionja, kwa hiyo ladha nawaachia wenye nafasi. Ninachoweza kuhakiki ni hadithi inayouzwa pamoja nayo. Hiyo ni matini kama matini nyingine. Ina msimulizi, ina mahali anapokaza sauti na mahali anapomung'unya.

Ukiiondolea mapambo, hadithi inasema kwamba kiwanda kililala mwaka 1983 na kikaamka Mei 2021. Katikati kuna kimya cha miaka 38. Wapenzi wa wiski huviita viwanda vya namna hii mizimu, na kimya hicho ndicho kinachopandisha bei.

Tusimame kwanza kwenye kitenzi. Ukisema kiwanda "kilifungwa", msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Ukisema "kilifungika", swali hilo limeshakosa pa kuingilia, kana kwamba upepo tu ulisukuma mlango. "Kililala" inakwenda mbali zaidi. Sasa kiwanda chenyewe ndicho mtenda. Kilichoka, kikajilaza.

Aliyekifunga anajulikana. Ni Distillers Company Limited, ambayo mwaka 1983 ilifunga viwanda zaidi ya kumi kwa mkupuo, kwa sababu wiski ilikuwa imejaa maghalani na wanywaji wamepungua. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Guinness mwaka 1986. Mwaka 1997 Guinness ikaungana na Grand Metropolitan, ikazaliwa Diageo, na Diageo ndiyo iliyokuja kukifungua tena Brora. Kwa hiyo aliyekilaza na aliyekiamsha ni wa ukoo mmoja.

Wala wiski yenyewe haikuwa adimu ilipopikwa. Kiwanda kilikuwa kimesimamishwa mwaka 1968, kikarudishwa kazini 1969 kwa sababu wachanganyaji walihitaji wiski yenye harufu ya moshi kwa ajili ya chupa za bei ya kawaida. (Ni moshi wa mboji iliyochomwa, si ule "moshi" wa sheria yetu ya 1966, ambao mtaani unaitwa gongo na unaweza kukufikisha mahakamani.) Ilikuwa malighafi. Waliojaza mapipa ya 1972 walikuwa wanatengeneza kitu ambacho kingepotelea ndani ya chupa yenye jina lingine. Kilichokipa thamani ni kwamba kiasi fulani kilibaki, kisha mlango ukafungwa.

Chupa ya 1982 imepewa jina Timeless Original, yaani asili isiyoguswa na wakati. Nimelitafakari jina hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Muuzaji anakutoza wakati, mwaka kwa mwaka, kisha anakuambia bidhaa haina wakati! Na hiyo asili nayo ina tarehe. Kiwanda kilijengwa 1819 na Marquess of Stafford, mwenye ardhi ya Sutherland, katika miaka ileile aliyokuwa akiwaondoa wakulima mabondeni na kuwasukuma pwani ili ardhi ipishe kondoo. Waliosukumwa walilima shayiri, na shayiri ilihitaji mnunuzi. Kiwanda kikawa mnunuzi, na pia dawa ya mwenye ardhi dhidi ya wapikaji wa magendo. Kupisha: kwa msomaji aliyekulia Usangu na kuona wafugaji wakiondolewa mwaka 2006 na 2007, neno hilo halihitaji kamusi. Nalo ni la ukoo wa "kulala". Linamfanya anayeondolewa aonekane mtu mwenye adabu aliyesogea kidogo.

Nisiwanyime haki yao. Mitungi ya shaba ni ileile, imekarabatiwa, haikubadilishwa. Mkuu wa kiwanda wakati wa kufunguliwa, Stewart Bowman, ni mtoto wa ofisa wa ushuru wa mwisho wa Brora, na kwenye habari zote za ufunguzi hakuna kipande kilichonigusa kama hicho, kwa sababu hapo ghafla kuna mtu. Tena kuna kitu hakikulala kweli. Pipa hukesha. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilichomo huyeyukia hewani, wao wanasema ni fungu la malaika, na kinachobaki kinazidi kukolea. Huo ndio ufundi wa biashara hii: bidhaa iliyoendelea kupanda thamani huku mishahara ya kiwanda hicho ikiwa imesimama.

Hapa kwetu viwanda havilali, vinakufa. ZZK, yaani Zana za Kilimo, ilikufa. Mbeyatex ilikufa. Tunasema hivyo kwenye daladala, wanasiasa wanasema hivyo majukwaani, na kila msimu wa kampeni anatokea mtu wa "kufufua". "Kufa" nako hakuna mtenda. Ukitaka mtenda itabidi useme "kuua", na hapo mazungumzo yanabadilika sauti, au unajibiwa kwa nomino isiyo na uso: ubinafsishaji, soko huria. Mfufuaji, kwa upande wake, anapata hadhi ya muujiza kabla hajafungua hata kufuli.

Tofauti ni kwamba jembe halikeshi. Likiachwa ghalani linashika kutu, na hakuna mkusanyaji wa London atakayelipia jembe la mwisho la Mbeya. Ulanzi ndiyo kabisa: leo ni mtogwa, kesho kutwa ni mkangafu, ukizidi hapo unamwaga. Sitathmini ya usingizi inamfaa mwenye kitu kinachovumilia kufungiwa. Sisi tumebakiwa na sitiari ya msiba, ambayo angalau haiuzi chupa, lakini inaficha jina vilevile.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi kwenye kimojawapo cha viwanda vya mji huu, hatumii neno hilo. Ukimwambia kiwanda kilikufa anatikisa kichwa. "Walizima mashine," anasema, halafu anaanza kukutajia ipi ilianza.