Asanteni, Wauguzi wa Kliniki

Nawapongeza wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, Arusha mjini na vijijini Meru. Somo lao ndilo wanalofundishwa pia akina mama wakimbizi kambini Nyarugusu, Kigoma: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, hata maji mtoto asipewe.

Huku kwetu katazo hilo la maji lina uzito wake. Chemchemi nyingi za Mlima Meru zina floraidi kupita kiasi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na hata kupinda mifupa. Mama akiyanywa maji hayo, floraidi inayofika kwenye maziwa yake ni kidogo mno. Muuguzi anayeanza na "Shikamoo, bibi," akamweleza haya bibi aliyekwisha kuchemshia mjukuu maji, mpaka wakaelewana, ana ustadi mkubwa.