Mashine Iliyosahihisha Sarufi na Kupitisha Sumu

Uhakiki wa propaganda umeanza kukabidhiwa akili bandia, na wapo wanaouliza kama mwalimu wa Kiswahili bado ana kazi katika uwanja huo. Sisi tunaona kazi yake imeongezeka. Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Kenya.

Mwezi Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, shirika la Global Witness lilitangaza matokeo ya jaribio lake kwa Facebook, ambayo hutegemea zaidi mitambo kukagua matangazo. Lilikuwa limepeleka matangazo ya chuki kwa Kiswahili na Kiingereza, kisha likayaondoa kabla hayajachapishwa. Karibu yote yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalizuiwa mwanzoni kwa kanuni za sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo, yakapita. Mkaguzi alisahihisha insha bila kuielewa.

Mwezi Aprili mwaka huohuo, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilikuwa imetoa orodha ya maneno ya kuchungwa, likiwemo "madoadoa". Kamusi itatuambia kuwa hayo ni alama ndogondogo za rangi tofauti. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa, tangu miaka ya 1990, neno hilo limewalenga watu wa makabila yanayohesabiwa kuwa ya wageni. Anayesema "tuondoe madoadoa" hajatukana, hajataja kabila, wala hajakosea upatanisho wa kisarufi.

Orodha kama hiyo inasaidia, ila haitoshi. Neno likipigwa marufuku, mchochezi hutafuta jingine. Siku hizi programu za akili bandia zinaweza kumwandikia ujumbe mmoja kwa namna kumi tofauti katika dakika chache.

Hatusemi mashine haina faida. Katika kuhesabu na kuonyesha kwamba ujumbe uleule unatoka kwenye akaunti nyingi, inatushinda. Maana ya fumbo, hata hivyo, hutegemea nani anasema, anamwambia nani, wapi, na baada ya tukio gani. Haya ndiyo maswali ya semantiki na pragmatiki tunayofundisha kila muhula.

Kwa hiyo tunapendekeza matini za propaganda ziingizwe katika semina zetu za uhakiki, kando ya riwaya na mashairi. Mwanafunzi anayeweza kufumbua jazanda ya mshairi ana uwezo wa kufumbua ya mchochezi. Tumpe nafasi ya kuujaribu kabla ya uchaguzi, si baada yake.