Majibu Yamo Humo Humo

Tuanze na zoezi. Soma habari ifuatayo kisha jibu maswali.

"Mkurufi alimfandika mtoto wa jirani kwa sababu alichelewa kumbiga. Mtoto akagonduka hadi kwa mama yake, naye mama akampa vilando viwili."

Nani alimfandika mtoto wa jirani? Mtoto aligonduka hadi kwa nani? Alipewa vilando vingapi?

Bila shaka umepata yote: mkurufi, mama yake, viwili. Ungeweza hata kujibu kwa sentensi kamili na mwandiko safi, mwalimu akakuwekea vema tatu nyekundu. Lakini hakuna mkurufi duniani. Nimemtunga mimi, pamoja na kufandika kwake. Hujui kama mtoto amepigwa au amebusiwa, na hivyo vilando vinaweza kuwa maandazi au viboko. Umefaulu zoezi la ufahamu bila kufahamu chochote.

Walimu wa lugha wa nchi nyingi hutumia maneno ya kubuni namna hii kuonyesha udhaifu wa maswali yao. Kwa Kiswahili yanafanya kazi vizuri mno, kwa sababu viambishi vyetu havifichi kitu. Ali- inakuonyesha mtendaji, -m- inakuonyesha mtendwa, na vi- ya vilando inaitana na vi- ya viwili. Mtoto aliyeyazoea haya tangu kunyonya anaweza kulipata jibu kwa kulinganisha maumbo tu, kama anayeoanisha soksi.

Sasa nikuulize swali la nne: nani alichelewa? Hapo viambishi vinakuacha njiani. Linganisha sentensi mbili za kawaida: "Baba alimkemea mtoto kwa sababu alichelewa kurudi," na "Baba alimbeba mtoto kwa sababu alichelewa kumpeleka shule." Umbo ni lile lile. Katika ya kwanza aliyechelewa ni mtoto, katika ya pili ni baba. Hakuna neno lililokwambia hivyo. Umekijua kwa sababu unajua baba hukemea kwa lipi, na mtoto hubebwa haraka kwa lipi. Kazi hiyo ndogo, ya kuongeza kile ambacho maandishi hayakusema, ndiyo kung'amua. Kusoma kwenyewe ni hiyo. Na ndiyo kazi ambayo kifungu cha ufahamu, kama kinavyotungwa katika shule zetu nyingi za msingi Tanzania, hakimwachii mtoto aifanye.

Nakisema kifungu cha ufahamu kama mhakiki anavyosema riwaya au tamthilia, kwa kuwa nacho ni utanzu. Watu waliosoma vifungu vya ufahamu ni wengi kuliko waliosoma riwaya, ila sisi wa idara za fasihi hatukigusi. Tukikigusa tutaona kanuni zake. Mhusika huitwa Juma au Asha na hana tamaa wala siri. Matukio hufuatana bila mtu kubadili nia. Halafu sentensi ya mwisho hutangaza funzo: uvivu ni mbaya, tutunze mazingira, tuwatii wazazi. Maswali nayo huuliza nani, wapi, lini, ngapi. La mwisho, "habari hii inatufundisha nini?", linaonekana kudai fikra, lakini jibu lake limekwisha kuandikwa katika mstari wa mwisho. Mwanafunzi anayesitasita huambiwa kwa upole, "Angalia vizuri, majibu yamo humo humo."

Chukua kisa cha Abunuwasi na sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema sufuria imezaa. Jirani anapokea vyote viwili. Safari nyingine Abunuwasi anaazima tena, harudishi, anasema sufuria imekufa. Maswali ya mazoea yatakuwa: Abunuwasi aliazima nini? Alirudisha sufuria ngapi? Kisa kizima kinabaki nje ya maswali hayo. Kilichomo kinaanzia hapa: je, jirani aliamini kweli kwamba sufuria huzaa? Kama hakuamini, kwa nini alikaa kimya? Na kwa nini sasa hawezi kubisha kwamba imekufa? Neno tamaa halihitaji kutajwa popote. Mtoto wa miaka tisa akilifikia mwenyewe atacheka, na kicheko hicho ndicho ushahidi kwamba ameelewa. Ukimwandikia chini "kisa hiki kinatufundisha kuwa tamaa ni mbaya," umeshacheka kwa niaba yake.

Kosa hili halionekani upesi kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, anaweza kusoma kwa sauti ukurasa ambao haumwambii chochote, tena kwa mteremko unaomfurahisha mgeni rasmi. Nchini Uingereza, Jane Oakhill na wenzake wamewachunguza kwa miaka mingi watoto wasomao maneno barabara lakini wasioelewa habari, na mara nyingi shida yao kubwa ilikuwa hapo hapo kwenye kung'amua. Kwetu mtoto wa aina hiyo huitwa "anayejua kusoma" na hupandishwa darasa.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Dolores Durkin alikaa katika madarasa ya nne nchini Marekani akiyahesabu masomo ya kusoma kwa dakika. Kati ya dakika 4,469, alizoweza kuziita mafunzo ya ufahamu hazikufika hata asilimia moja. Kilichojaa ni walimu kuuliza maswali ili kujua kama watoto wameelewa. Kupima kulikuwa kwingi, kufundisha kukawa haba.

Najua mwalimu atanijibu nini, na ana haki. Ana watoto tisini na kitabu kimoja kwa madawati matatu. Swali la "vingapi" husahihishwa kwa kupepesa jicho, la "kwa nini alinyamaza" linamtaka akae na kila daftari. Juu yake uko mtihani: tangu 2012 karatasi za darasa la saba zikaanza kusahihishwa kwa mashine, na mashine haisomi sababu za mtoto. Lakini swali la Abunuwasi halihitaji daftari. Linahitaji dakika kumi za mdomo, mwalimu akiuliza "umejuaje?" kwa jibu sahihi na kwa jibu kosa sawasawa.

Tena haanzi na watoto watupu. Nyumbani wamekwisha kusikia "Kitendawili!" na kuitikia "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Jibu halimo humo. Inabidi ulete yai kutoka nje, ulijaribishe kwa kila neno, uone kama linakaa. Ukishindwa unampa mtegaji mji, anatembea nao kwa mbwembwe, kisha anakufungulia fumbo na mchezo unaendelea. Kushindwa hakukuaibishi. Shuleni kitendawili kimewekwa kwenye mada ya fasihi simulizi na ufahamu umewekwa kwenye mada nyingine, kana kwamba ni akili mbili.

Iko sharti moja zaidi: mtoto hung'amua kwa akiba aliyo nayo. Andika, "Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi wakakaa kushona nyavu." Mtoto wa ufukweni Kigoma atakwambia mara moja kwa nini hawakwenda ziwani: dagaa huvutwa kwa taa, na taa haishindani na mbalamwezi. Msomaji hodari wa Dodoma mjini anaweza kukwama hapo. Kwa hiyo anayetaka watoto wang'amue awape vitabu vingi vya mambo mengi, na si vifungu vyenye maneno mia moja vya kuwindia alama.

Na linalopotea si alama. Watanzania wengi wamewahi kupokea ujumbe wa simu usemao kitu kama "ile hela tuma kwenye namba hii." Utapeli wote umejificha katika neno "ile." Linadai kwamba kuna hela mliyokwisha kuizungumzia, na linamwachia msomaji aijaze picha. Mtu aliyefundishwa kutafuta nani, wapi na ngapi ataona namba na hela, atatuma. Anayejua kuuliza "ile ipi?" amekwisha kuokoka. Ndivyo ilivyo kwa mkataba wa mkopo usiotaja riba ya mwezi wa pili, na kwa hotuba ya mgombea inayoeleza kila kitu isipokuwa fedha zitakakotoka. Wanaoandika maandishi ya namna hiyo wanajua vizuri kwamba majibu hayamo humo. Wanategemea kwamba sisi hatujui.