Je, Sinema Yaweza Kufundisha Lugha?

Sinema huhukumiwa kwa hadithi yake, waigizaji wake, picha zake na nyimbo zake. Siku hizi imetwikwa kazi nyingine, kazi ya ualimu. Husemwa kuwa atakaye kujua Kifaransa, Kihindi au Kikorea hana haja ya mwalimu. Na aketi mbele ya sinema na nyimbo za wenyeji wa lugha hiyo, azame humo usiku na mchana, na lugha itamwingia kama maji yaingiavyo mtungini. Shauri hili limefika hata hapa Shimoni, ambapo simu ya mkononi huleta sinema za dunia nzima mpaka gatini. Wanafunzi hulipenda, kwa kuwa raha yake yaonekana na taabu yake haionekani. Yafaa basi tuihakiki sinema kwa kazi hiyo mpya, tuone ni mwalimu wa namna gani.

Ushahidi wa kwanza uko karibu nasi. Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikaa katika darasa la sinema za Kihindi kwa miaka mingi. Awara, iliyotoka mwaka 1951, na Mother India, ya mwaka 1957, zilipendwa mno. Watu walilia penye kilio wakacheka penye kicheko, na nyimbo walizishika kwa moyo. Waimbaji wa taarabu nao waliyachukua mahadhi yake. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa kuyavika mahadhi ya namna hiyo mashairi ya Kiswahili.

Tena Mswahili hakuingia darasa hilo mikono mitupu. Sinema ya mwaka 1965 iliitwa Waqt, na ya mwaka 1970 iliitwa Safar. Je, msomaji, wahitaji mkalimani wa kukuambia kuwa ya kwanza ni wakati na ya pili ni safari? Duniya ni dunia, kitab ni kitabu, khabar ni habari, rang ni rangi. Maneno haya yalitoka katika Kiarabu na Kiajemi, yakaingia Kihindi kwa njia moja na Kiswahili kwa njia nyingine, yakakutana tena katika masikio ya watazamaji wa pwani.

Kama kusikia peke yake kungetosha, basi pwani yetu ingekuwa na wasemaji wa Kihindi wengi kama minazi. Sivyo ilivyokuwa. Ilijaa watu walioweza kuimba wimbo mzima wa Kihindi wasiweze kuomba maji ya kunywa kwa lugha ya wimbo huo. Sababu si uzito wa vichwa vyao. Mtazamaji alipotoka nje ya jumba la sinema hakukuta mtu wa kujibizana naye. Hata Wahindi wenyewe wa pwani, wengi wao nyumbani husema Kikachi au Kigujarati. Lugha iliingia sikioni ikakosa njia ya kutokea mdomoni.

Tusiidhulumu sinema, lakini. Ina zawadi ambazo kitabu hakina. Kitabu chaweza kukupa neno na maana yake, lakini hakiwezi kukuonyesha mwana ainamavyo mbele ya mamaye, wala sauti ishukavyo penye aibu na ipandavyo penye hasira. Sinema hutoa neno likiwa hai, limo katika uso, mkono na mahali pake. Mwanafunzi aliyezoea kusikia lugha kwa wenyewe hashtuki wakisema upesi.

Dosari yake ya kwanza ni kuwa haimngoji mtu. Mwaka 2009 wataalamu Webb na Rodgers walichunguza maneno ya sinema za Kiingereza, wakaona kuwa msikilizaji huhitaji kujua jamii 3,000 hivi za maneno ili afahamu maneno 95 katika kila 100. Mwanafunzi mwenye maneno 200 akiambiwa azame katika sinema kama hiyo, atazama kweli, na hataibuka na kitu. Waswahili wa zamani waliibuka na machache kwa kuwa waliingia na akiba ya wakati, safari na dunia.

Dosari ya pili ni kubwa zaidi: sinema husema lakini haisikii. Huko Marekani, mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walitoa habari za uchunguzi juu ya watoto wachanga wa miezi tisa. Baadhi yao walichezeshwa na kusomewa na watu waliosema Kichina, katika vikao 12. Wengine walionyeshwa watu wale wale, wakisema maneno ya namna ile ile, lakini katika picha za televisheni. Waliokaa na watu walijifunza kupambanua sauti za Kichina. Walioonyeshwa picha hawakuwapita watoto ambao hawakusikia Kichina hata kidogo.

Hata darasa lenye watu halitoshi ikiwa mwanafunzi hutakiwa kusikiliza tu. Kanada, katika mji wa St. Lambert karibu na Montreal, ulianza mwaka 1965 mpango wa kuwafundisha watoto wasemao Kiingereza masomo yao kwa Kifaransa. Mipango ya namna hiyo ilienea. Mwaka 1985 Merrill Swain alieleza kuwa wanafunzi wake walifahamu Kifaransa karibu sawa na wenyeji, lakini ndimi zao ziliendelea kukosea sarufi. Sababu moja aliyoitoa ni kuwa walisikia mengi wakatakiwa kusema machache.

Iko pia sinema ambayo haiwezi kufundisha lugha ya kigeni kabisa, nayo ni ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2011 Tanzania ilionyeshwa mchezo wa televisheni wa Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, wote kwa Kiswahili. Kama mchezo, uliwafurahisha wengi, kwani mkasa wa mke na mama mkwe haukosi wasikilizaji popote. Kama somo la Kichina, ulikuwa kisima kisicho na maji. Ungemfaa zaidi Mchina anayejifunza Kiswahili.

Sasa tazama kinyume chake. Vijana wanaoongoza wageni Diani hujifunza Kijerumani, na wa Malindi Kiitaliano, wengi wao bila ya sinema, kwa kuulizwa na kujibu. Mgeni akikunja uso, kijana hujua kuwa amekosea, naye hujaribu tena papo hapo. Ulimi wake hufunguka upesi. Lakini mara nyingi lugha hiyo ni nyembamba: bei, samaki, chombo, karibu na kwaheri. Mtu wa namna hii angefaidika sana na sinema, maana tayari ana mlango, na sinema ingempa nyumba.

Hukumu yangu basi ni hii. Sinema ni msaidizi mwema na mwalimu mbaya. Ewe mwanafunzi, itumie hivi. Chagua kipande kifupi ambacho maneno yake mengi unayajua. Kisikilize mara ya kwanza bila kusoma maandishi yaliyo chini ya picha. Kirudie, uandike ulichosikia. Kisha zima sauti, useme wewe mahali pa mwigizaji. Mwisho, na hapa ndipo wengi huacha, yapeleke maneno hayo kwa mtu: mwalimu, mwenzako, au mgeni ajuaye lugha hiyo. Kuuliza si ujinga.

Liko jambo jingine, nalo latuhusu sisi wa Shimoni kuliko wengine. Hapa na ng'ambo ya pili, Wasini, pana Kivumba. Upande wa Funzi pana Kichifundi. Na Wadigo ni jirani zetu wa kila siku. H. E. Lambert aliandika kitabu juu ya Kivumba mwaka 1957 na kingine juu ya Kichifundi mwaka 1958, lakini hivyo ni vitabu vya wataalamu. Hakuna redio kubwa isomayo habari kwa Kivumba, wala hakuna sinema mashuhuri ya Kichifundi. Lugha hizi zilivuka vizazi vingi kwa njia moja tu: bibi alisema, mjukuu akajibu.

Mjukuu akishika simu kutwa asimjibu bibi, atapata sikio la lugha za mbali asizoweza kuzisema, na atapoteza lugha ambayo hakuna sinema itakayomrudishia. Jifunze Kifaransa, jifunze Kihindi, uzijue na nyimbo zake. Lakini jioni bibi akikusemesha kwa Kivumba, weka simu chini, umjibu kwa Kivumba.