Kigawo na Kigawe: Je, Kosa ni la Istilahi?

Istilahi mbili za hisabati, kigawo na kigawe, hutofautiana kwa irabu moja tu. Kwa sababu hiyo mtu aweza kudai kwamba zimeundwa vibaya na yafaa zibadilishwe. Sisi twaona vingine, na hoja yetu tutaipima kwa namba moja kubwa inayowahusu watu halisi.

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872. Mwalimu wa Igoma, wilayani Nyamagana, aweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba majirani zao wamo ndani ya namba hiyo, kisha akawataka waichambue. Tarakimu yake ya mwisho ni 2, basi ni namba shufwa. Jumla ya tarakimu zake ni 44, basi haigawanyiki kwa 3. Wakiendelea watapata 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 11 × 23 × 457, na hapo wataishia, kwa kuwa zote hizo ni namba tasa.

Kwa hiyo 457 ni kigawo cha 3,699,872, na 3,699,872 ni kigawe cha 457. Mwanafunzi akizigeuza istilahi hizo, sentensi yote huwa uongo. Lakini tofauti hii haikubuniwa ovyo. Kiambishi -o huunda jina la kitu cha kutendea: kifuniko hufunika, kizibo huziba, hali kadhalika kigawo hugawa. Kiambishi -e huunda jina la mtendwa: kiumbe ameumbwa, mteule ameteuliwa, hali kadhalika kigawe hugawanywa. Sarufi yenyewe ndiyo shahidi wa istilahi hizi.

Lawama yetu twaielekeza kwenye vifupisho KKS na KDS, yaani kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika. Vifupisho hivi vimezifuta irabu zile zile zinazobeba maana, vikabakiza ukubwa na udogo peke yake. Nao ukubwa huo hupotosha: KKS ya 12 na 32 ni 4, hali KDS yake ni 96. Kinachoitwa kikubwa ndicho kidogo! Mwanafunzi aliyekariri herufi hana njia ya kujisahihisha. Aliyefahamu kwamba kigawo hugawa atatambua mara moja kwamba 96 haiwezi kuigawa 12 bila baki.

Twashauri, basi, kwamba majina kamili yatangulie vifupisho, na kwamba kila kitabu kieleze asili ya -o na -e kwa mifano ya nyumbani. Wafasiri nao wasibuni maneno mapya mahali pa haya. Mzazi aliyejifunza kigawo zamani hana budi aweze kumsaidia mwanawe jioni. Tukibadili istilahi kila linapotokea lalamiko, wawili hao hawataelewana mezani pamoja.