Jina Lililofunikwa na Fremu

Ukitaja tingatinga hapa Miyuji, wa kwanza kukuelewa ni fundi ujenzi. Atageuka kutafuta ile mashine ya njano inayosawazisha viwanja. Simlaumu. Dodoma inajengwa kila kona, na mashine hizo tunaamka nazo na kulala nazo. Lakini Tingatinga ni jina la mtu pia: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi. Leo jina lake ni jina la mtindo, na picha za mtindo huo ndizo zawadi ambayo wageni wengi hubeba wakiondoka nchini.

Swali langu ni hili: jina la mwalimu likishakua kiasi hicho, la mwanafunzi linakaa wapi?

Ili kulijibu, naomba twende mbali kidogo, mpaka Kyoto, Japani, kwa mchoraji aitwaye Kōno Bairei (1844–1895). Wajapani wana fani nzima ya picha za ndege na maua, wanaiita kachō-ga, na Bairei ni mmoja wa mabingwa wake. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha picha za ndege mia, Bairei hyakuchō gafu. Picha zake ni chapa za mbao: mchoraji anachora, fundi mwingine anachonga mchoro kwenye ubao, wa tatu anapaka rangi na kugandamiza karatasi. Ndege mmoja, mikono ya watu watatu.

Tazama Bairei anavyofanya kazi. Rangi ni chache. Ndege anakaa kwenye tawi au kando ya mmea, na sehemu kubwa ya karatasi inaachwa wazi. Ule uwazi haukusahaulika, ndiyo hewa anayoruka ndege. Jicho lako linapumzika hapo, kisha linarudi kwenye unyoya.

Sasa mtazame Tingatinga. Yeye hakuwa na karatasi laini wala wino. Alikuwa na ubao wa dari, ule mwembamba, na rangi za mafuta zinazong'aa, za aina wanayopakia baiskeli. Rangi hiyo haivumilii ujanja wa wino. Unapaka, unasubiri ikauke, unaweka nyingine juu yake. Kwa hiyo mnyama au ndege wake anajaa ubao, mstari umekaza, madoadoa yamepangwa, na nyuma yake rangi moja au mbili tu. Bairei anakwambia ndege yuko mahali fulani, katika msimu fulani. Tingatinga anakwambia ndege yupo, basi. Hizo ni hoja mbili tofauti kabisa kuhusu ndege, na sioni iliyo chini ya mwenzake.

Wanakutana kwenye ualimu. Wote wawili walifundisha kwa njia ile ile ya kale: kaa pembeni yangu, tazama, kopi. Bairei mwenyewe alianza kujifunza hivyo akiwa mtoto wa miaka minane. Tingatinga aliwaita ndugu na jamaa zake wakae naye Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, wachore anavyochora: Simon Mpata, Adeusi Mandu, January Linda na wenzao wachache. Wanaoidharau sanaa hii kwa kusema "hawa wanakopiana tu" wajue kwamba kukopi si aibu ya Kiafrika. Kyoto nayo ilijengwa juu ya kukopi.

Tofauti inaanza baada ya kukopi. Mwaka 1880 mkoa wa Kyoto ulifungua shule ya uchoraji, na Bairei alikuwa miongoni mwa walioipigania. Wanafunzi waliopita mikononi mwake waliruhusiwa kumwacha. Takeuchi Seihō alikwenda Ulaya mwaka 1900, akarudi akichora simba kwa namna ambayo mwalimu wake hakuwahi kuichora. Uemura Shōen, mwanamke, hakubaki kwenye ndege na maua. Alichora wanawake, na mwaka 1948 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Utamaduni ya Japani. Hakuna anayewaita "wabairei". Wana majina yao.

Kwetu mwalimu alikufa mapema, na soko likashika chaki. Soko halina haja na mwanafunzi anayebadilika. Mteja kaja kununua tingatinga, basi mpe tingatinga. Sisemi hili kwa kejeli. Ushirika ulioandikishwa mwaka 1990 umelisha familia na kusomesha watoto, na mtu mwenye njaa halaumiwi kwa kuchora twiga yule yule mara mia. Ila waliojaribu kutoka walitoka kweli. Mpata alihamia Kenya, akachora wanyama wake kwa mkono wake. Na waliompa heshima ya jina ni nani? Wajapani. Hoteli waliyoianzisha Maasai Mara inaitwa Mpata. Kwao alikuwa msanii; kwetu amebaki kuwa "mmoja wa wale wa tingatinga".

Hapa Miyuji kuna mgahawa wenye picha ya aina hii ukutani. Ndege wawili wenye mikia mirefu wako kwenye tawi, maua mekundu yamewazunguka. Ukipita haraka utasema ni zile zile. Ukikaa na chai yako utaona ndege wa kushoto amegeuza shingo, anamtazama mwenzake, na aliyechora ameacha kipande cha njano tupu katikati yao, bila ua, bila doa. Katika mtindo unaochukia nafasi tupu, huo ni uamuzi. Kuna mtu alifika pale na brashi, akajizuia. Ni nani? Kwenye kona ya chini kuna sahihi, lakini fremu imeifunika, imebaki herufi moja na nusu.

Uhakiki wetu unafanya kazi ya fremu ile. Tunaandika kuhusu mtindo, historia yake, bei yake, watalii wake. Ni nadra kusoma makala inayochukua picha moja ya mchoraji mmoja na kuuliza kwa nini aliweka doa hili hapa na si pale. Vitabu hatuvihakiki hivyo. Hakuna anayeandika "riwaya za Kiswahili zina rangi nzuri" akadhani amemhakiki Kezilahabi.

Kwa hiyo msomaji, ukinunua picha, kabla ya kuuliza bei uliza jina, na sema jina kamili. Uliza ilichorwa mwaka gani. Andika vyote nyuma ya ubao kwa kalamu isiyofutika. Na fundi akija kuweka fremu, mwambie aache nafasi ya kidole kimoja pale chini.